Hedifoni zinavuma tangu kompyuta ijisasishe: anza na maiki

Swali

Shikamoo fundi. Niko Mtwara mjini, Shangani. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya wazee wa Newala na Tandahimba yaliyorekodiwa kwa simu, kisha nayaandika neno kwa neno kwa ajili ya watafiti. Mengi ni ya Kimakonde, na sauti za wazee ni za chini. Hivi karibuni laptopu yangu ilitoka Windows 10 ikaenda Windows 11. Tangu hapo, nikichomeka hedifoni za waya, zile zenye maiki ambazo natumia pia kwenye simu, nasikia shshsh isiyokatika, hata nikishusha sauti hadi sifuri. Nikisimamisha rekodi, baada ya muda mfupi nasikia "tap", kimya. Nikiicheza tena, "tap", shshsh inarudi. Nikiwa nachaji unaongezeka mvumo, nguuu. Fundi mmoja kaniambia kadi ya sauti imekufa, mwingine anataka kunipigia Windows upya. Nifanyeje? Na je, nirudi Windows 10?

Jibu

Marahaba, dada. Kabla hujagusa chochote kwenye hiyo mashine, nakili rekodi zote kwenye flashi au diski ya nje, na nakala nyingine ikae kwa mwenzako wa kazi. Nalitanguliza hili kwa sababu umetaja fundi anayetaka kukupigia Windows upya. Windows inaweza kupigwa hata mara kumi, lakini mzee wa Tandahimba aliyehojiwa mwaka juzi huenda leo hayupo tena wa kumrudia. Mtu yeyote asiiguse hiyo kompyuta mpaka nakala ziwepo na uwe umezifungua mwenyewe ukahakikisha zinacheza.

Sasa tuje kwenye barua yako. Umeeleza dalili vizuri kuliko wengi wanaoniandikia "sauti mbovu, nisaidie", na dalili hizo zinatuondoa mbali na yale waliyokuambia mafundi wote wawili.

Nianze na huyu wa kadi iliyokufa. Kadi iliyokufa haichezi sauti ya mtu. Yako inacheza, tena inalala na kuamka: hiyo "tap" unayoisikia ni chipu ya sauti ikijizima ili kuokoa betri, kisha ikiwashwa tena rekodi inapoanza. Shshsh inakuja na kuondoka pamoja nayo kwa sababu chipu ikiwa imelala, hakuna kitu kinachosukuma umeme kwenda kwenye hedifoni. Kwa hiyo kadi haijafa.

Dalili ya pili ndiyo yenye thamani zaidi: kelele inabaki hata sauti ikiwa sifuri. Kama ingekuwa imo ndani ya rekodi, mathalani upepo wa kule juu Newala uliopuliza kwenye simu siku ya mahojiano, ingepungua pamoja na sauti ya mzee na kutoweka kwenye sifuri. Kelele isiyotii kidhibiti cha sauti inaingia baada ya kidhibiti hicho, upande wa hedifoni. Huko mbele kuna mawili tu ya kushuku. La kwanza ni kikuza sauti kidogo kinachoendesha hedifoni, ambacho kila laptopu inacho na ambacho hakikosi mchirizo fulani wa shshsh, hasa kwa hedifoni zinazoingia ndani ya sikio. La pili ni njia ya pembeni inayochukua sauti ya maiki na kuimwaga moja kwa moja kwenye masikio yako. Kwa kuwa kelele imeanza siku ya sasisho, na kwa kuwa hedifoni zako zina maiki, mimi namshuku huyu wa pili.

Nieleze kwa nini sasisho lifungue njia ambayo ilikuwa imefungwa. Chipu ya sauti, ambayo kwenye laptopu nyingi ni ya Realtek, ina vikuza sauti kadhaa na swichi nyingi ndogo ndani yake. Swichi hizo hazina mkono. Zinapangwa na draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa. Draiva ya kampuni iliyotengeneza laptopu inajua ubao wake ulivyounganishwa: maiki ipite wapi, ikuzwe kiasi gani, ipi inyamazishwe. Windows nayo ina draiva yake ya jumla, inayoonekana kwa jina la High Definition Audio Device, ambayo inaweza kuendesha chipu karibu yoyote. Hiyo ni kama dereva wa deiwaka: gari linakwenda na abiria wanafika, lakini hajui kuwa gia ya tatu ya gari hili inahitaji kushikwa kwa namna yake. Unapopanda kutoka Windows 10 kwenda 11, draiva ya kampuni inaweza kubadilishwa na hiyo ya jumla, au ikabaki ileile lakini mipangilio yake ikarudishwa mwanzo. Kwa vyovyote, maiki inaweza kujikuta imefunguliwa na kukuzwa bila wewe kuambiwa.

Na kukuzwa huko si kidogo. Kile kipengele kiitwacho Microphone Boost kikiwekwa dB 20 (desibeli, kipimo cha ukuzaji), ishara ya maiki inakuzwa mara 10. Kikiwa dB 30, ni kama mara 32. Chumba kikiwa kimya kabisa, kinachokuzwa mara 32 ni mchirizo wa umeme wenyewe. Huo ndio shshsh.

Hapa ndipo mvumo wa chaja unapoingia, na ndiyo sababu sitaki uuchukulie kama ugonjwa wa pili kabla ya kujaribu. Chaja inapunguza umeme wa ukutani, volti 230 kwa hezi 50, na mabaki kidogo ya umeme huo hufika kwenye mwili wa laptopu. Hedifoni za kawaida haziyasikii sana. Lakini waya wa maiki, wenye ishara ndogo mno, unayasikia, na ukikuzwa mara 32 unayapigia kelele. Kwa hiyo nguuu na shshsh zinaweza kuwa zimeingia kwa kupitia mlango mmoja. Ukiufunga, huenda zote mbili zikaondoka.

Tujaribu basi, na jaribio la kwanza halihitaji kubadilisha kitu. Vaa hedifoni, subiri shshsh ianze, halafu gonga maiki taratibu kwa kucha au uipulizie. Ukijisikia mwenyewe masikioni, tumeshampata. Ruka moja kwa moja kwenye mipangilio hapa chini. Usipojisikia, azima hedifoni zisizo na maiki uchomeke hizo. Utazitambua kwa kuangalia pini: yenye maiki ina vipete vitatu vyeusi vinavyoigawa sehemu nne, isiyo na maiki ina vipete viwili na sehemu tatu. Kelele ikipungua sana kwa pini ya sehemu tatu, bado ni maiki. Isipobadilika hata kidogo, tutarudi kwenye draiva.

Chukua pia rekodi moja, uihamishie kwenye simu, uisikilize kwa hedifoni zako hizohizo. Simu ikiwa kimya, hedifoni ni nzima na huna haja ya kununua nyingine. Nalisisitiza hili kwa sababu jambo la kwanza watu wanalofanya ni kukimbilia dukani, na hedifoni mpya za bei nafuu mara nyingi zinaleta matatizo yake, hasa zile ambazo mpangilio wa sehemu za pini umepishana na wa tundu lako. Hizo utazijua: sauti ya mtu inasikika kama iko ndani ya pipa, na ukibonyeza kitufe cha maiki inarudi kuwa sawa.

Mipangilio yenyewe iko hivi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha la zamani la sauti, ambalo Windows 11 imelificha ingawa ndilo lenye kila kitu. Kwenye ukurasa wa Recording, bofya maiki ya hedifoni mara mbili. Nenda Listen, na kama kuna tiki kwenye Listen to this device, iondoe. Nenda Levels, shusha Microphone Boost hadi 0. Rudi nyuma, nenda ukurasa wa Playback, bofya hedifoni mara mbili, nenda Levels. Kwenye mashine nyingi hapo kuna mstari mmoja tu wa sauti, lakini nyingine zinaonyesha chini yake mstari wa Microphone. Ukiuona huo, ndio ile njia ya pembeni niliyokuambia. Bonyeza kispika kidogo kilicho ubavuni mwake ili kinyamaze.

Kwa kazi yako ya kusikiliza na kuandika huihitaji maiki kabisa. Kwa hiyo unaweza kurudi Recording, ukaibofya kwa kitufe cha kulia, ukachagua Disable. Siku ukiwa na mkutano wa mtandaoni unairudisha hapohapo.

Ukiwa bado kwenye sauti, fungua Settings, ingia System, kisha Sound, chagua hedifoni, uzime Audio enhancements. Kwa mtu anayesikiliza wazee wenye sauti za chini, kipengele cha kusawazisha sauti kinavutia, kwa sababu kinainua maneno yaliyo chini. Ubaya wake ni kwamba kinainua pia kila kilicho chini: shshsh, jogoo wa jirani, upepo. Kati ya neno na neno kelele inapanda, mzee akianza tena inashuka, na sikio linachoka. Ni heri uinue sauti ya rekodi yenyewe ndani ya programu kama Audacity, na kama upepo wa Newala umezidi, ukate mawimbi yaliyo chini ya hezi 80 hadi 100. Sauti ya mtu inabaki inaeleweka, na mngurumo mwingi wa upepo unaondoka. Fanya hivyo kwenye nakala, kamwe si kwenye rekodi ya asili.

Kama baada ya hayo yote kelele ipo vilevile, sasa ndiyo zamu ya draiva. Bofya kitufe cha Start kwa kitufe cha kulia, chagua Device Manager, fungua Sound, video and game controllers. Soma jina lililoandikwa hapo. Likiwa High Definition Audio Device wakati zamani ulikuwa na Realtek, umepata maelezo ya siku ile. Bofya mara mbili, nenda Driver, jaribu Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Usikate tamaa: bonyeza Update Driver, chagua kutafuta ndani ya kompyuta yako, halafu kuchagua kutoka kwenye orodha. Mara nyingi draiva zote mbili zimo humo tayari, na kubadilishana hakuli bando hata kidogo. Jaribu moja, washa upya, sikiliza, jaribu nyingine. Na uende upande wowote, kwa sababu zipo mashine ambazo draiva ya jumla ndiyo iliyo kimya na ya kampuni ndiyo yenye kelele.

Orodha ikiwa na moja tu, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika modeli kamili iliyobandikwa chini ya mashine, upakue draiva ya sauti ya Windows 11. Inaweza kuwa mamia ya megabaiti, hivyo kama bando lako ni dogo, ipakue ofisini na uitunze kwenye flashi. Usichukue draiva kwenye tovuti zinazojitangaza kuwa zina draiva za mashine zote. Nyingi zinaleta matangazo na virusi.

Tuseme umefunga maiki, shshsh imeondoka, lakini nguuu bado ipo ukichaji. Hapo tunaacha Windows, tunakwenda ukutani. Chomoa chaja, tumia betri. Mvumo ukikatika papo hapo, gusa sehemu ya chuma ya laptopu huku ukiwa umerudisha chaja. Ukihisi kama mwili unatambaliwa, au mvumo ukibadilika kwa kuguswa, mashine haina ethi. Soketi zetu zina matundu matatu kwa sababu, na lile la juu ndilo la waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini. Lakini nyumba ngapi zina chaja ya pini mbili iliyoingizwa kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu? Na ekstensheni ngapi za bei rahisi zina matundu matatu kwa nje na nyaya mbili tu kwa ndani? Tafuta soketi ya ukutani yenye ethi inayofanya kazi, tumia chaja halisi ya mashine, na kama chaja yako ina pini tatu usiikate ya juu wala usitumie adapta inayoiruka, hata kama mtu atakuambia mvumo utaisha. Pini hiyo inalinda uhai wako.

Kuna sababu nyingine ya huku kwetu ambayo vitabu vya kompyuta haviisemi. Shangani uko karibu na bahari, na hewa ya chumvi inakula vyuma vidogo. Tundu la hedifoni likianza kushika kutu huleta mikwaruzo, krr krr, ukizungusha pini. Hii siyo shshsh yako, lakini ukiisikia nayo, zima mashine, lowesha pini kidogo kwa spiriti ya duka la dawa, ingiza na kutoa mara kadhaa, uache ikauke. Usitumie mafuta wala usichokonoe kwa pini ya nguo.

Na kama kuna mikwaruzo inayokatakata maneno, hasa mtandao ukiwa umewashwa, zima Wi-Fi usikilize. Ikitulia, tatizo ni draiva ya Wi-Fi inayochelewesha kichakato cha sauti, na hiyo ndiyo ya kusasisha.

Umefika hapa na bado? Basi kabla ya kumruhusu mtu apige Windows, fanya jaribio moja ambalo kwangu ndilo la kuamua. Mwombe fundi akutengenezee flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, muiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Diski yako haiguswi. Chomeka hedifoni, cheza rekodi. Kama kelele haipo, chipu na nyaya ni nzima, na kosa liko kwenye draiva au mipangilio ya Windows. Kama kelele ni ileile, kupiga Windows upya huenda kusisaidie kitu, kwani tumebadilisha mfumo mzima na kelele imebaki. Fundi anayekataa jaribio hili la muda mfupi na kutaka kufuta diski yako, mshukuru uondoke.

Uangalifu mmoja hapo: Ubuntu nayo inaweza kuwa na maiki iliyokuzwa. Fungua dirisha la amri, andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi yako, shusha mistari yenye neno Boost, na kama kuna Loopback Mixing iweke Disabled. Wasomaji wanaotumia Ubuntu kila siku na waliopata kelele kama hii baada ya kutoka toleo la 22.04 kwenda 24.04 waanzie hapohapo, kisha wahifadhi kwa sudo alsactl store. Kati ya matoleo hayo mawili PipeWire ilichukua nafasi ya PulseAudio katika kusimamia sauti, na tabia ya kulaza kadi inaweza kubadilika.

Ikithibitika kuwa kikuza sauti cha ndani ndicho chenye kelele, usibadilishe ubao. Nunua adapta ndogo ya sauti ya USB kwenye maduka ya vifaa vya simu. Ina chipu yake yenyewe, iko nje ya mashine, na nyingi hazihitaji draiva. Ndiyo dawa ninayoipendekeza kwa yeyote anayeishi kwa kusikiliza. Hedifoni za bluetooth sizipendekezi kwa kazi yako: programu yoyote ikifungua maiki yake, sauti inashuka na kuwa kama ya simu, na konsonanti za Kimakonde unazohitaji kuzitofautisha zinafichwa.

Ile "tap" inaweza kubaki hata shshsh ikiisha. Haina madhara, lakini kwa mtu anayesimamisha rekodi kila sentensi inaudhi. Tengeneza faili la dakika moja la ukimya kwa Audacity, ulicheze kwa kurudiarudia kwenye programu nyingine wakati unafanya kazi. Chipu haitapata nafasi ya kulala.

Kurudi Windows 10 sikushauri. Windows 11 inakuruhusu kurudi kwa siku 10 tu baada ya kupanda, kisha mafaili ya zamani yanafutwa, na Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye mahojiano ya watu waliokuamini na maisha yao isikae bila ulinzi kwa ajili ya kelele ya hedifoni. Gonga maiki kwanza, uniandikie ulichosikia, na unitajie modeli ya laptopu pamoja na jina uliloliona kwenye Device Manager.